Jinsi ya Kusoma Kura za Wadi Yako, Chumba kwa Chumba

Usiku wa uchaguzi mkuu, kura zikishahesabiwa darasani na mawakala wakishatia sahihi, msimamizi wa kituo hutakiwa kubandika nakala za matokeo mlangoni. Watu hujazana pale na simu zao, wakapiga picha Fomu 34A ya urais, kisha wakaondoka. Fomu 36A, yaani karatasi ya mwakilishi wadi, hubaki ikipepea mpaka mvua iiangushe. Katika miji midogo ya magharibi mwa Kenya, karatasi hiyo inayoachwa ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi mji unavyofikiri, kwa sababu juu yake wapiga kura wamechagua kati ya watu wanaowajua kwa sura, kwa ukoo na kwa madeni.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuielewa wadi yake kwa ushahidi: mwalimu, kijana anayefikiria kuwania, kikundi cha akina mama wanaojiuliza kwa nini barabara yao haipati changarawe, au ripota wa redio ya mashinani. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Daftari la mistari, kalamu mbili za rangi tofauti na subira ya wiki kadhaa zinatosha. Kanuni yake kuu ni moja: isome Fomu 36A ukiwa umeiweka kando ya Fomu 34A ya chumba kile kile. Waliopiga kura ni watu wale wale, siku ile ile, katika foleni ile ile. Kwa hiyo pale karatasi hizo mbili zinapoachana, ndipo siasa ya mji inapoanza kuonekana.

Kukusanya karatasi

Fomu za urais za mwaka 2022 ziliwekwa hadharani na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kwenye mtandao wake, na mtu yeyote aliweza kuzipakua. Za wadi hazipatikani kwa urahisi huo. Njia ya kwanza ni mawakala: kila mgombea makini alikuwa na wakala katika kila chumba, na wakala alistahili kupewa nakala. Mgombea aliyeshindwa mara nyingi huwa ndiye aliyehifadhi fomu zake vizuri zaidi, kwa kuwa alikuwa akifikiria kwenda mahakamani. Kesi za uchaguzi wa wadi husikizwa na hakimu na hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, basi kama kulikuwa na kesi katika wadi yako, faili yake ni hazina.

Njia ya pili ni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na afisa anayehusika anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi kwa ofisi ya Tume katika eneobunge lako, taja wadi, mwaka na fomu unazozitaka, kisha hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona maombi mengi yakipotea kwa sababu tu mwombaji alizungumza kwa mdomo mlangoni na kuondoka bila karatasi yoyote mkononi.

Pamoja na fomu hizo, tafuta vitu viwili zaidi. Kimoja ni orodha ya vituo na idadi ya wapiga kura waliosajiliwa, ambayo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali kabla ya uchaguzi. Kingine ni takwimu za sensa ya mwaka 2019, ambazo zilichapishwa hadi ngazi ya kata ndogo. Wadi zetu ziliundwa kwa kuunganisha kata ndogo, kwa hiyo vitabu hivyo viwili vinaweza kusomwa pamoja bila kubahatisha sana.

Kujenga jedwali

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika lugha ya kila siku tunasema kituo kwa kumaanisha shule nzima, na tunasema kituo tena kwa kumaanisha darasa moja lenye sajili na masanduku yake. Katika daftari lako, yatenganishe mambo hayo: shule iite kituo, darasa liite chumba. Sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa chumba, na shule yenye watu wengi zaidi hugawanywa katika vyumba kwa kufuata herufi za majina. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya chumba cha kwanza na cha pili katika shule moja haihusiani na vijiji. Nimewahi kuonyeshwa ramani iliyochorwa kwa bidii kubwa ikidai kwamba kijiji fulani kilimsaliti mgombea, kumbe mchoraji alikuwa amelinganisha majina ya mwanzo wa alfabeti na majina ya mwisho wake. Jumlisha kwanza vyumba vyote vya shule moja, ndipo ulinganishe shule kwa shule.

Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, kumbuka kwamba mipaka ya wadi 1,450 za Kenya iliyotumika mwaka 2013 ndiyo iliyotumika tena mwaka 2017 na 2022. Hilo ni jambo la heri kwa msomaji wa kura, kwa kuwa wadi yako ya wakati ule ndiyo wadi yako ya sasa. Vyumba, hata hivyo, vimeongezeka: kitaifa vilikuwa 40,883 mwaka 2017 na vikafika 46,229 mwaka 2022. Shule moja inaweza kuwa imezaa vituo viwili, na kanisa ambalo halikuwahi kuwa na sanduku likawa nalo. Waulize wenyeji ni shule ipi ilimegwa, kisha uunganishe tena takwimu za mwaka wa baadaye ili zilingane na za mwaka wa awali.

Kila kituo kipe mstari wake. Andika waliosajiliwa, kura halali za urais, kura halali za wadi, zilizokataliwa katika kila kura, halafu kura za wagombea wote wa wadi bila kumwacha hata aliyepata tatu. Mpiga kura hupewa karatasi sita kwa pamoja, kwa hiyo jumla ya kura za urais na jumla ya kura za wadi zinapaswa kukaribiana sana. Zikipishana kwa kura nne au tano, kuna aliyekosea sanduku au kuharibu karatasi. Zikipishana kwa makumi, rudi kwenye picha ya fomu uangalie kama ulisoma tarakimu vibaya kabla hujaanza kumshuku mtu.

Wasomaji wa Kakamega wawe na tahadhari ya ziada. Uchaguzi wa gavana wa kaunti hiyo uliahirishwa mwaka 2022 kwa sababu ya hitilafu katika karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29 Agosti badala ya tarehe 9, na waliojitokeza walikuwa wachache zaidi. Fomu 37A za siku hiyo haziwezi kuwekwa kando ya 34A kama kwamba ni za foleni moja. Vivyo hivyo kwa uchaguzi mdogo kama ule wa ubunge wa Malava wa tarehe 27 Novemba 2025: siku hiyo vigogo wa taifa huja, pesa huja, na watu wanaojitokeza si wale wa uchaguzi mkuu.

Kuzilinganisha karatasi mbili

Nitatumia mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme wadi ina vituo viwili tu. Kituo cha Sokoni kina wapiga kura 1,240 na waliopiga kura ni 790. Kituo cha Mlimani kina wapiga kura 460 na waliopiga ni 345. Mgombea urais wa chama fulani alipata kura 640 Sokoni na 300 Mlimani. Mgombea wadi wa chama hicho hicho alipata 210 Sokoni na 270 Mlimani. Mgombea huru alipata 355 Sokoni na 40 Mlimani. Zilizobaki ziligawanywa kwa wengine au zikaharibika. Mgombea wa chama akatangazwa mshindi kwa 480 dhidi ya 395.

Redio itasema chama kilishinda wadi. Jedwali lako linasema jambo jingine. Katika urais, Sokoni na Mlimani walikaribiana sana: asilimia 81 upande mmoja, asilimia 87 upande wa pili. Katika wadi, mgombea wa chama alipata asilimia 78 Mlimani na asilimia 27 tu Sokoni. Watu wa Sokoni hawakukikataa chama, kwa kuwa asubuhi ile ile walikuwa wamekipa kura zao za urais. Walimkataa mtu, au walikataa namna alivyopatikana. Anayetaka kuijua wadi hiyo anapaswa kuanzia swali hilo na asiondoke hapo upesi.

Angalia pia waliojitokeza. Mlimani ni asilimia 75, Sokoni ni karibu 64. Kambi iliyoshindwa haitakosa kusema, "Watu wetu walilala, ndiyo maana tulipoteza." Dai hilo lipime. Kama Sokoni wangejitokeza kwa asilimia 75, kungekuwa na kura 140 zaidi, ambazo ni nyingi kuliko pengo la kura 85, na hapo wengi husimamisha hesabu na kuondoka wakilia. Iendeleze. Kama hao 140 wangegawanyika kama wenzao waliofika, mgombea huru angepata 63 na wa chama 37, na pengo lingepungua kwa kura 26 tu, likabaki 59. Kilichomwangusha mgombea huru ni kukosa hata robo ya Mlimani, pamoja na zile kura za Sokoni walizogawana wagombea wengine. Hesabu hii ndogo ingeokoa mashamba mengi yanayouzwa kila baada ya miaka mitano kwa imani kwamba safari ijayo kijiji kitaamka.

Kumbuka pia kwamba kiti cha wadi hakihitaji nusu ya kura. Anayewazidi wenzake ndiye mshindi, hata kama ni kwa robo ya kura zote. Ndiyo sababu wagombea wadogo wanaochukua kura 60 hapa na 90 pale hawapaswi kufutwa kwenye jedwali. Mara nyingine waliwekwa pale makusudi na mtu mwingine ili wapunguze kura za kijiji cha mpinzani, na dalili yake ni kura zao kujikusanya katika kituo kimoja, nyumbani kwa yule aliyelengwa.

Kuwasoma wasiofika

Kitaifa, waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 86 mwaka 2013 na karibu 65 mwaka 2022. Kabla ya kuhukumu kijiji kwa uvivu, zichunguze sababu zilizo karibu. Sajili ina majina ya marehemu. Ukaguzi uliofanywa kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta zaidi ya majina 240,000 ya watu waliofariki. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti, na kijana aliyejisajili nyumbani lakini anafanya kazi ya mjengo Nairobi hulazimika kuchagua kati ya nauli na mshahara wa siku tatu. Kituo chenye vijana wengi walioondoka kitaonekana kimelala hata kama wazee waliobaki walifika wote kabla ya jua kuchomoza.

Kutembea na jedwali

Takwimu zikishakaa sawa, toka. Nenda katika vituo viwili au vitatu ambavyo karatasi zake mbili zinaachana zaidi. Usimuulize mtu alimpigia nani. Kura ni siri yake, na jibu utakalopewa huwa limepambwa. Uliza kulikuwa na maneno gani juma la mwisho, nani alikuja na nani hakuja, na ni jambo gani walilokubaliana kijijini kabla ya siku hiyo. Mwanzie mzee wa mtaa, yule tunayemwita liguru, ukimsalimu na kujieleza wewe ni wa nyumba gani, maana swali la kwanza atakalokuuliza ni hilo. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa stendi ya bodaboda, mweka hazina wa kanisa, mama anayeongoza chama cha kuweka akiba, na mwalimu mstaafu.

Katika wadi nyingi za Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia utasikia neno zamu. Upande wa juu ulikuwa na kiti miaka mitano, sasa ni zamu ya upande wa chini; au ukoo fulani ulikubali kumuunga mkono mtu wa ukoo mwingine kwa ahadi kwamba utalipwa. Makubaliano haya hayaandikwi popote, lakini huonekana kwenye jedwali kama kituo kinachompa mgombea mmoja wa wadi karibu kura zote na kubadilika kabisa uchaguzi unaofuata. Ukikutana na mgeuko wa namna hiyo, usiuite wimbi la chama kabla hujauliza juu ya zamu.

Uliza pia historia ya ardhi. Kule Lugari na Likuyani, ambako familia nyingi zilifika kupitia mashamba ya makazi yaliyogawanywa baada ya uhuru, majirani wa kijiji kimoja wanaweza kuwa Wamaragoli, Wabukusu na Wakabras. Pale ukoo hauna nguvu ile ile ulio nayo Vihiga, na mahali pake huchukuliwa na shule, barabara au ushirika wa maziwa. Makanisa nayo yana ramani yake ya zamani: Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wakajenga Mukumu, Kanisa la Mungu likashika Kima huko Bunyore. Shule nyingi zinazotumika kama vituo vya kura zilianzishwa na makanisa hayo, na familia zilizosoma pamoja huwa bado zinazungumza pamoja. Sisemi kwamba kanisa humwelekeza mtu kura yake. Nasema habari hutembea haraka zaidi kati ya watu wanaokutana kila Jumapili.

Matanga yanastahili kusikilizwa kuliko mikutano ya hadhara. Katika mkutano watu hushangilia kila anayekuja, lakini matangani utaona nani amepewa nafasi ya kuzungumza, nani ametajwa kwa msaada wake, na nani amekaa kimya nyuma ya hema huku wote wakijua yupo.

Halafu ulizia mchujo. Tiketi ilipatikanaje? Kama watu walipiga kura za mchujo na mshindi wao akanyimwa cheti, mgombea huru huwa amezaliwa siku hiyo, ingawa Katiba inamtaka awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi. Katika mfano wetu wa Sokoni, jibu la swali la kwa nini walimkataa mtu wa chama chao mara nyingi litakuwa limelala hapo.

Chama ni nguo

Wageni hupenda kuueleza mji wetu kwa jina la chama. Rekodi ya eneo hili inawakanusha. Kenneth Lusaka alishinda ugavana wa Bungoma mwaka 2013 kwa New Ford Kenya, akashindwa mwaka 2017 akiwa Jubilee mbele ya Wycliffe Wangamati wa Ford Kenya, kisha akarudi mwaka 2022 kwa tiketi ya Ford Kenya hiyo hiyo. Wilber Ottichilo alichaguliwa Vihiga mwaka 2017 kwa ANC na mwaka 2022 kwa ODM. Hata hivyo, wimbi la kweli lipo na linaweza kumzoa yeyote: mwaka 2002 Musalia Mudavadi, akiwa Makamu wa Rais, alipoteza kiti cha ubunge cha Sabatia, nyumbani kwake. Kulitambua wimbi kwenye jedwali ni rahisi, kwa kuwa asilimia za chama katika urais, ubunge na wadi hukaribiana katika karibu kila kituo. Fomu 35A ya ubunge ndiyo shahidi wako wa tatu. Zikiachana kituo hadi kituo, wimbi halikufika mpaka mashinani.

Kutunza ulichokipata

Jedwali hili lina hatari yake, nami naisema kwa uzito. Nimeona kijiji kikiambiwa waziwazi kwamba hakitapata maji kwa kuwa karatasi ya shule yao ilionyesha walivyopiga kura, na wanawake wa pale wakaendelea kubeba mitungi kutoka mtoni miaka mitano. Kituo chenye wapiga kura tisini ni kama nyumba isiyo na pazia. Ukichapisha matokeo yako, unganisha vituo vidogo sana na vya jirani, usitaje jina la mtu aliyekueleza jambo, na usiandike kwamba ukoo fulani ulipiga kura hivi au vile. Andika jina la shule, idadi na sababu ulizozisikia. Aliyeshinda analipwa kuwahudumia na wale waliomnyima kura, na jedwali lako liwasaidie kumkumbusha hilo kwa kuweka safu moja zaidi: katika kila kituo, ni mradi gani wa kaunti ulifika tangu uchaguzi.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, tafuta mtu mmoja mwaminifu kwa kila shule ya wadi yako, mpe orodha ya vyumba vya shule yake, na mwombe apige picha fomu zote za mlangoni, akianza na 36A. Mwambie aende na tochi, asimame wima mbele ya karatasi, na ahakikishe jina la kituo, nambari ya chumba na sahihi za mawakala zinasomeka ndani ya picha moja.